Mbwa Mdogo Ndani ya Nyumba: Malezi, Afya na Amri ya Saba

Katika parokia nyingi za mijini, padre anayekwenda kubariki nyumba hupokelewa mlangoni na wazazi, watoto, na siku hizi pengine na mbwa mdogo mwenye manyoya marefu, anayebweka kwa sauti kubwa kuliko umbo lake. Huyu si mbwa wa kulinda boma usiku wala wa kufuatana na wawindaji porini, kama walivyomzoea mababu zetu. Kazi yake ni kuishi na watu. Wengine ni wa mbegu za kigeni, kama vile Maltese, Shih Tzu, Pomeranian na Japanese Spitz; wengine ni mbwa wa kienyeji wenye umbo dogo, waliookotwa wangali wachanga wakalelewa ndani. Tofauti ya bei kati yao ni kubwa, lakini tofauti ya mahitaji ni ndogo.

Pamoja na mbwa huyo yameingia maswali ambayo waamini huyauliza mara nyingi, wengine kwa utani, wengine kwa dhamiri inayosumbuka. Je, ni halali kwa Mkristo kumgharimia mnyama ilhali jirani hana mlo wa jioni? Je, kumhasi ni dhambi? Akimng'ata mtoto, tuanzie hospitali au kanisani? Akifa, tumzike namna gani? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa mwanga wa mafundisho ya Kanisa na kwa maarifa ya matabibu wa mifugo, maana katika jambo hili imani na usafi wa bakuli la maji vinakaa karibu kuliko tunavyodhani.

Kwa lugha yetu, kumwita mtu mbwa ni tusi zito, na Maandiko Matakatifu nayo kwa sehemu kubwa humtaja mbwa kwa dharau: ni mnyama wa mitaani, mla mizoga, arambaye vidonda vya maskini Lazaro mlangoni pa tajiri. Hata hivyo ziko sehemu mbili ambazo hutupa picha nyingine. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na Malaika mkuu Rafaeli asiyemtambua, mbwa anafuatana nao, na wanaporudi nyumbani anatajwa tena akiwa nyuma yao. Hakupewa jina wala kazi yoyote katika masimulizi yale, alikuwapo tu. Sehemu ya pili ni Injili ya mwanamke Mkananayo. Neno la Kigiriki linalotumika pale si lile la kawaida la mbwa, bali ni kynaria, yaani mbwa wadogo, wale wa nyumbani wanaokaa chini ya meza watoto wanapokula. Tusitie katika Injili maneno yasiyokuwemo: habari ile inahusu imani na wokovu wa mataifa, wala haikuandikwa kufundisha ufugaji. Lakini picha aliyoitumia mama yule ni ya nyumba yenye utaratibu: watoto wanakaa mezani, mbwa wako chini, na kila mmoja anapata kilicho chake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inazungumzia wanyama katika namba 2415 hadi 2418, na mahali penyewe yalipowekwa maneno hayo pana fundisho. Mtu angetarajia kuyakuta kwenye sehemu ya uumbaji wa ulimwengu. Badala yake yamo chini ya Amri ya Saba, ile inayokataza wizi. Sababu yake ni kwamba Muumba amevikusudia viumbe vyake kwa manufaa ya wanadamu wote, waliotangulia, waliopo na watakaokuja. Anayevitumia bila kipimo anajitwalia kisicho chake peke yake. Katika msingi huo Kanisa linatufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, wanaomtukuza kwa kuwapo kwao tu, na kwamba tunawiwa kuwatendea kwa wema. Linakubali kwamba mwanadamu anaweza kuwafuga ili wamsaidie katika kazi na katika mapumziko yake. Kwa hiyo mbwa wa sebuleni hahitaji kutafutiwa kisingizio cha ulinzi ili awe halali. Kisha linaweka mipaka miwili kwa pamoja. Kumtesa mnyama au kumuua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Na vilevile haistahili kutumia kwa ajili ya mnyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu. Inaruhusiwa kuwapenda wanyama, lakini si kuwapa mapendo yanayowastahili wanadamu tu.

Mipaka hiyo miwili ni lazima isomwe pamoja. Wapo wanaoukumbuka wa pili tu, wakaona kumpeleka mbwa kwa daktari ni anasa ya matajiri. Hao humwacha mnyama aoze meno na kujaa kupe, kisha husema kwamba wamewatanguliza binadamu. Lakini mbwa hakujileta mwenyewe nyumbani. Aliyemchukua, akamfungia ndani ya ukuta na kumnyima uwezo wa kujitafutia, amejitwika deni la kumlisha na kumtibu. Asiyeweza kulilipa deni hilo alipaswa kuliona kabla ya kumchukua. Nchini Tanzania ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nchini Kenya ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Kwa hiyo jambo hili si la huruma binafsi tu.

Upande wa pili nao una mtego wake, na katika nyumba zetu mtego huo una sura ya mtu. Mara nyingi anayempikia mbwa, kumwogesha na kufuta mkojo wake sakafuni si mwenye mbwa, bali ni binti wa kazi. Alipatana na mwajiri wake kulea watoto na kupika. Mbwa aliongezwa baadaye bila mazungumzo wala nyongeza. Nyumba ambayo mbwa anachemshiwa nyama kila siku, huku anayeichemsha anakula ugali na maharage ya jana, na mshahara wake wa mwezi uliopita bado "unatafutwa", haina haja ya kwenda mbali kutafuta maana ya namba 2418. Mafundisho kuhusu ujira wa haki yako katika amri ileile ya saba, kurasa chache tu mbele, ambapo Katekisimu inasema kwamba kunyima au kuzuia ujira halali kunaweza kuwa udhalimu mkubwa. Kwa hiyo, kabla ya kununua mbwa, familia iketi na kupatana nani atafanya nini. Ikiwa kazi itamwangukia msaidizi, ilipwe. Akiumwa au kung'atwa katika kazi hiyo, gharama za matibabu ni za mwajiri, wala zisikatwe katika mshahara wake.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022 kuhusu Mtakatifu Yosefu, aligusa jambo hilo kwa namna iliyozua mjadala duniani, alipowalaumu wanandoa wasiotaka watoto, au wanaotaka mmoja tu, huku wakiwa na mbwa wawili na paka wawili. Wengine waliudhika. Lakini Papa huyohuyo ndiye aliyeandika Waraka wa Laudato si' wa tarehe 24 Mei 2015, unaosisitiza kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu. Hakuna mgongano kati ya mambo hayo. Mnyama hapungukiwi kitu kwa kutoitwa mwanadamu, na mara nyingi mbwa anayetendewa kama mtoto mchanga, akabebwa kutwa, akavishwa nguo katika joto la pwani na kulishwa keki, ndiye anayeugua mapema.

Hapo tunafika kwenye malezi yenyewe. Mbwa mdogo akitunzwa vema huweza kuishi miaka 12 hadi 16. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa kijana wa chuo mbwa huyo angali hai, huenda kipofu na mwenye kujikojolea. Anayeahidi kumtunza mbwa anaahidi pia kuutunza uzee huo. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Wauzaji wanaomtoa mapema ili aonekane mdogo zaidi na kupata bei wanamdhulumu, kwa maana hajapata maziwa ya kutosha wala kufundishwa na mama na ndugu zake kupima nguvu ya meno yake.

Mbwa mchanga wa mbegu ndogo sana ana hatari moja ambayo wengi hawaijui. Mwili wake hauna akiba, na akikaa saa nyingi bila kula, sukari katika damu hushuka: hulegea, huyumba, hutetemeka, na aweza kupoteza fahamu. Ndiyo maana hulishwa mara tatu au nne kwa siku hadi apate miezi kadhaa. Hali hiyo ikitokea, apakwe asali au maji ya sukari kwenye fizi na kukimbizwa kwa daktari wa mifugo. Asimiminiwe maji mdomoni akiwa amelegea, maana yataingia mapafuni.

Akishakua, milo miwili kwa siku humtosha, na tatizo hugeuka kuwa la kuzidishiwa. Mbwa mwenye kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku nzima. Chapati moja ya mafuta inaweza kukikaribia kiasi hicho. Kwa hiyo kipande anachorushiwa na baba, kingine na mtoto, kingine na mgeni, ni mlo kamili juu ya mlo wake, na uzito huo unabebwa na magoti membamba kama vidole vya mtu. Chakula cha viwandani kilichoandikiwa mbwa wadogo ni rahisi kupima. Chakula cha nyumbani nacho chaweza kufaa kikipangwa: nyama au samaki asiye na miiba, yai lililopikwa, maini kidogo, wali au ugali kiasi, na boga au karoti. Ugali mtupu na mchuzi hautoshi. Na kwa mbwa anayekua, mapishi ya nyumbani mara nyingi hupungukiwa madini ya chokaa yanayojenga mifupa, hivyo daktari aulizwe.

Mchuzi wenyewe una shida nyingine, kwa sababu sisi hatupiki bila kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, pombe, na ubani au peremende zisizo na sukari zenye kiungo kiitwacho ksailitoli ni sumu kwake, na katika mwili mdogo kiasi kidogo hutosha kuua. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vibanzi na kutoboa utumbo. Utumbo mbichi wa machinjioni nao usitolewe, kwa kuwa huweza kumpa minyoo inayosababisha vifuko vya maji katika maini na mapafu ya wanadamu, ugonjwa unaofahamika kwa wafugaji wa Turkana na Umasaini. Na hapa tuongeze onyo ambalo madaktari wa mifugo hulirudia kila mara: parasetamoli, diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu asipewe kamwe bila agizo lao. Nusu ya kidonge inayomtuliza mtoto yaweza kumharibu mbwa ini au figo.

Meno ndiyo udhaifu mkubwa wa mbwa wadogo. Taya ni dogo lakini idadi ya meno ni ileile ya mbwa mkubwa, hivyo yamebanana, ukoga hujikusanya na kugeuka ugumu wa jiwe, fizi hurudi nyuma. Harufu mbaya ya kinywa si "harufu ya mbwa", ni ugonjwa. Apigwe mswaki laini mara nyingi iwezekanavyo, kwa dawa ya meno ya mbwa au maji matupu, si kwa dawa yetu, kwa kuwa yeye hawezi kusukutua na kutema. Magoti yake huweza kuteguka kwa kuruka kutoka kwenye kochi, na koromeo lake huumizwa na kamba ya shingoni. Afungwe mkanda wa kifuani anapotembezwa. Watoto wafundishwe kumwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako, si kwa kumvuta miguu ya mbele.

Kutembezwa ni lazima hata kwa mwenye uwanja mkubwa. Mbwa anayefungiwa chumbani kutwa hubweka, hutafuna viatu na kukojoa ovyo kwa upweke, kisha hupigwa kwa kosa ambalo si lake. Dakika 20 asubuhi na nyingine jioni zinabadilisha tabia yake kuliko fimbo. Mchana wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga asitolewe: mbwa hutoa joto kwa kuhema, hatoki jasho kama sisi, na wenye pua fupi kama Shih Tzu huzidiwa haraka. Ukiweka kiganja juu ya lami ukashindwa kuvumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia. Asiachwe ndani ya gari lililofungwa wakati wa Misa, hata likiwa kivulini. Kuogeshwa kila baada ya wiki mbili hadi nne kunatosha, kwa sabuni ya mbwa, kamwe si ya unga ya kufulia. Manyoya marefu yachanwe kila siku, maana yakisokotana huvuta ngozi na kuficha vidonda.

Kupe wachunguzwe masikioni, kati ya vidole na chini ya mkia. Katika nchi zetu kupe huleta homa zinazokula damu. Fizi zikiwa nyeupe, mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mbwa akikataa chakula, asingojewe hadi Jumatatu. Minyoo nayo inahusu watoto wetu moja kwa moja, kwa kuwa mayai yake hukaa katika udongo wanaouchezea. Mtoto wa mbwa hupewa dawa kila wiki mbili hadi afike miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baadaye kila miezi mitatu. Kinyesi kiokotwe kila siku na kutupwa chooni au kufukiwa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Jambo zito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia. Karibu asilimia 99 ya wagonjwa waliupata kwa mbwa, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Virusi vyake hukaa katika mate na huingia kwa jeraha, hata mkwaruzo mdogo au mlambo juu ya kidonda. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, lakini zaweza kuja ndani ya wiki moja au kuchelewa zaidi ya mwaka. Zikishatokea, kwa mtu na kwa mnyama, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, tiba ya kinga ikitolewa ipasavyo na mapema, karibu kila aliyeng'atwa huokolewa. Yote yamo katika muda huo wa katikati.

Wenye mbwa wadogo hujidanganya kwamba mbwa wao hatoki nje, basi hana haja ya chanjo. Lakini lango hufunguliwa, mbwa wa jirani huingia, popo na nyani hupita, na jino dogo hupitisha virusi sawasawa na jino kubwa. Achanjwe afikapo miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka mmoja na kuendelea kwa ratiba ya daktari, na kadi ya chanjo itunzwe pamoja na vyeti vya nyumba. Chanjo nyingine za pamoja, zinazokinga magonjwa kama vile parvo na distempa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16. Asiye na uwezo amwone ofisa mifugo wa kata na kuulizia kampeni za uchanjaji, ambazo katika maeneo mengi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ni kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur mwaka 1895, yule mwanasayansi Mfaransa ambaye tarehe 6 Julai 1885 alisimamia chanjo ya kwanza ya kumwokoa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister. Kwamba kazi hiyo inawezekana kwetu tunaiona Pemba: uchanjaji wa mbwa uliuondoa ugonjwa kisiwani mwaka 2014, na uliporudi mwaka 2016 ukazimwa tena kwa chanjo ileile ifikapo mwaka 2018. Wataalamu husema inatosha kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100. Wa nyumbani mwako ni mmoja wao.

Mtu akishang'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Mtu ashike saa. Lisipakwe pilipili, majivu, mafuta wala mitishamba, wala lisifungwe kwa kukazwa. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na ni mdogo, na daktari ataamua kuhusu sindano. Zikianza, zimalizwe zote kwa tarehe zilizopangwa. Kuacha kwa sababu jeraha limekauka ni kosa linalogharimu uhai. Mbwa, ikiwa anaonekana mzima, asipigwe mawe hadi kufa kwa hasira, bali afungiwe na kuchunguzwa na daktari wa mifugo kwa siku 10, kwa sababu akibaki mzima hadi mwisho wa siku hizo hakuwa akitoa virusi alipong'ata. Lakini uchunguzi huo hauzuii safari ya hospitali.

Tunalazimika kusema pia kuhusu sala. Wapo wazazi wanaompeleka mtoto aliyeng'atwa kwenye maombezi kwanza, na siku zinapita. Kumwombea ni tendo la upendo na lisiachwe, lakini Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemweka, na kutozidharau dawa zitokazo katika nchi. Chukua rozari, panda pikipiki, sali njiani kwenda hospitali.

Katika ujirani wetu na Waislamu, yafaa kukumbuka kwamba wengi wao katika pwani na visiwa hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa kwao ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mgeni anapobisha hodi, mbwa awekwe chumba kingine bila kusubiri aombe. Kusema "hana neno huyu, hang'ati" si jibu la hofu yake.

Kuhusu kuhasi, waamini kadhaa wamehofu kwamba ni kinyume cha mafundisho ya Kanisa. Sivyo. Mafundisho yanayokataza kufunga uzazi yanahusu mwanadamu na hadhi ya ndoa. Kwa mnyama ni suala la utunzaji. Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, na majike wadogo mara nyingi hupata shida wakati wa kuzaa. Kumzalisha kila joto ili kuuza watoto ni kumfanya mashine. Na watoto wasiotakiwa wanaotupwa jalalani ndani ya mfuko wa plastiki ni jambo ambalo Katekisimu imelitaja waziwazi: mateso na kifo bila sababu.

Kwa wazee na wajane mbwa mdogo ni faraja ya kweli. Humpa mtu sababu ya kuamka, kutembea na kusema na kiumbe kingine. Hata hivyo, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zisimhesabie mama mjane kwamba "ana mbwa wake" zikapunguza kumtembelea. Tena zimwulize mapema nani atamchukua mbwa huyo akilazwa hospitali. Swali hilo humwondolea hofu ambayo huenda hajaisema kwa mtu.

Kanisa linayo baraka kwa ajili ya wanyama katika Kitabu cha Baraka cha mwaka 1984, na katika sehemu nyingi hutolewa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, tarehe 4 Oktoba. Parokia inayotaka kuianzisha iwatake wenye mbwa waje na kadi ya chanjo na kamba. Mahali pengine daktari wa mifugo hualikwa siku hiyohiyo achanje palepale, na hiyo ni busara.

Mwisho mbwa hufa, na kwa watoto wengi hicho ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa karibu. Wasichekwe wanapolia. Hakuna Misa ya marehemu kwa mnyama, wala padre asiombwe kuiadhimisha. Watakapouliza kama mbwa wao yuko mbinguni, mzazi hana haja ya kuahidi wala kukanusha: Kanisa halijatamka kuhusu mnyama mmoja mmoja. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mnyama haibaki kama ya mwanadamu, naye Mtakatifu Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 8, anasema viumbe vyote vinangojea kuwekwa huru. Watoto wanaweza kumshukuru Mungu kwa ajili yake kwa maneno yao wenyewe. Mzazi achimbe shimo lenye kina cha mita moja hivi, mbali na kisima, na avae glavu anapomzika. Na ikiwa mbwa alikufa baada ya kubadilika tabia ghafla, kutokwa na mate au kushindwa kumeza, asimguse wala kumzika kabla ya kumwita ofisa mifugo, na wote aliowalamba au kuwang'ata siku za mwisho waende hospitali siku hiyohiyo.